Gari Lenye Bawa na Paa Lililong'oka

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Gorong'a, mkoani Mara)



Wiki mbili zilizopita tulileta darasani picha ya gari la mashindano. Gari hilo lilikuwa likikimbia Naivasha, nchini Kenya, katika mbio zinazoitwa Safari Rally. Nyuma yake, juu ya buti, lilikuwa na kitu kama bawa. Mzee wetu mmoja aliitazama picha ile kwa muda, kisha akauliza: "Mura, gari hili lina bawa. Mbona haliruki?"

Darasa zima lilicheka. Lakini swali lile si la kuchekwa. Mafundi wakubwa wa dunia walihangaika nalo miaka mingi, na madereva wengine waliumia kabla jibu halijapatikana. Tuliahidi kulijibu, na leo tunalijibu.

Tunayo sababu ya pili. Wote mnakumbuka masika yaliyopita, upepo ulipong'oa mabati 6 ya banda letu la kisomo. Mabati yale tuliyanunua kwa mahindi tuliyochanga debe kwa debe. Tangu siku ile yamesemwa mengi. Wapo waliosema kuna mkono wa mtu. Leo tutaona kwamba nguvu iliyoinua mabati yetu ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi kwenye gari lile.

UPEPO UNA NGUVU

Upepo hatuuoni kwa macho, lakini kazi yake tunaiona. Akina mama wanapopepeta ulezi, pumba huchukuliwa na punje hubaki. Mwenye baiskeli anaposhuka mlima, shati lake hujaa hewa na kifua chake husukumwa nyuma. Hata siku isiyo na upepo, gari likikimbia hukutana na hewa mbele yake. Ni kama gari lenyewe linajitengenezea upepo.

Upepo huo una hesabu yake. Mwendo ukiongezeka mara 2, upepo hukinza mara 4. Mwendo ukiongezeka mara 3, upepo hukinza mara 9. Ndiyo maana gari la mwendo mkubwa hula mafuta mengi kupigana na hewa tu.

Magari ya kwanza yalikuwa na umbo la sanduku. Baadaye mafundi waliyachonga yakawa na pua nyembamba na mgongo wa mviringo, kama samaki. Samaki hapigani na maji, bali hupenya. Basi, magari yakapata mwendo mkubwa zaidi. Lakini hapo ndipo tatizo jingine lilipozuka.

Haya, tufanye jaribio. Kateni kipande cha karatasi, upana wa vidole 2 na urefu wa kalamu. Shikeni ncha moja chini ya mdomo, ncha nyingine ining'inie. Sasa pulizeni kwa nguvu juu ya karatasi. Mmeona? Karatasi haikushuka. Imeinuka!

Sababu yake ni hii. Hewa inayopita kwa kasi juu ya mgongo uliopinda hupunguza msukumo wake upande wa juu. Hewa ya chini hubaki na msukumo wake. Ya chini ikaishinda ya juu, kitu kikainuka. Ndege hupaa kwa njia hiyo. Kumbe hata gari lenye mgongo wa mviringo, likikimbia sana, huanza kuwa jepesi. Tairi hazikamati barabara vizuri. Dereva akikata kona, gari linateleza.

BAWA LINAGEUZWA

Mafundi wakawaza: kama bawa la ndege huinua, je, tukiligeuza juu chini? Wakaona kwamba bawa lililogeuzwa hukandamiza. Hilo ndilo jibu la mzee wetu. Gari lile haliruki kwa sababu bawa lake limegeuzwa. Kazi yake ni kulibana gari chini.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1928, huko Berlin, Ujerumani, Fritz von Opel aliendesha gari la roketi lililokuwa na mabawa ubavuni ya kulikandamiza. Lilifika mwendo wa kilometa 238 kwa saa. Lakini miaka mingi ilipita kabla wengine hawajafuata. Mwaka 1966 Mmarekani Jim Hall alitengeneza gari lililoitwa Chaparral, akalisimamishia bawa kubwa juu ya nguzo ndefu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, magari mengi ya mashindano ya Ulaya yakaanza kuwa na mabawa.

Tatizo likaja kwenye nguzo. Mwaka 1969, katika mashindano ya Barcelona, Hispania, magari 2 ya Lotus yalivunjika mabawa yakiwa kwenye mwendo mkali. Madereva walikuwa Graham Hill na Jochen Rindt. Wote walianguka vibaya, na Rindt aliumia. Bawa lenyewe lilifanya kazi yake, lakini nguzo zake zilikuwa nyembamba mno. Mwezi ule ule mabawa yale marefu yakapigwa marufuku. Tangu hapo mabawa hufungwa chini, kwenye bodi yenyewe.

Tena mwaka 1977 na 1978 Lotus walikuja na mbinu nyingine. Walilichonga tumbo la gari, chini kabisa, likawa kama bawa lililogeuzwa. Pembeni wakaweka kingo zilizogusa barabara ili hewa ya nje isiingie. Gari likanyonywa chini, kama linavyofanya kikombe ukikiweka mdomoni na kuvuta hewa. Mwaka 1978 Mario Andretti akawa bingwa wa dunia kwa gari hilo. Lakini mbinu hiyo ilikuwa na hatari yake. Kingo zikikwama au zikivunjika, nguvu yote ya kukandamiza hupotea ghafla, tena katikati ya kona. Mwaka 1983 sheria ikataka matumbo ya magari yale yawe bapa. Mbinu hiyo ilirudishwa mwaka 2022, ikiwa na masharti mapya.

Kisa kingine ni cha mwaka 1999, mji wa Le Mans, Ufaransa. Magari ya Mercedes yalikuwa na umbo zuri, ya chini na marefu. Lakini yalipopanda kijilima, pua iliinuka kidogo na upepo ukaingia chini ya tumbo. Gari likaruka hewani na kupinduka. Lilimpata dereva Mark Webber mara 2 kabla ya mashindano kuanza. Halafu, mashindano yakiendelea, Peter Dumbreck alirushwa mpaka nje ya barabara, kwenye miti. Kwa bahati wote wawili walipona. Mercedes wakaondoa gari lao mashindanoni.

Tuyaweke akilini mambo mawili: nguzo dhaifu, na upepo unaoingia kwa chini. Tutayarudia.

SAFARI RALLY: BARABARA ZETU

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa ajili ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa kama yalivyotoka dukani. Gari moja lililofanya vizuri miaka ile ya mwanzo ni Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe. Injini yake hupozwa na hewa, haina radieta ya maji ya kutobolewa na mawe.

Barabara zetu hazikujali bawa. Zilijali uimara. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari zaidi ya 80 yaliondoka, lakini yaliyomaliza ni 7 tu kila mara. Mengine yalimezwa na matope. Mara zote mbili walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404, gari la kawaida kabisa. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara 5: mwaka 1973, kisha mwaka 1979 hadi 1982 mfululizo.

Je, mbinu ya Lotus ya kugusa barabara ingefaa hapa? Haiwezekani. Gari la Safari lazima lisimame juu, maana kuna mashimo, mawe na mito. Kingo zile zingebaki kwenye shimo la kwanza.

Kwa hiyo mafundi walitazama mahali, wakajifunza upya. Hapa hewa ina vumbi, na mtoni kuna maji. Injini nayo lazima ivute hewa safi. Basi, wakachukua bomba la kuvutia hewa, wakalipandisha pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Huko vumbi ni pungufu na maji hayafiki. Mbele wakafunga vyuma vya kujikinga na wanyama. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Toyota Celica, na mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza. Magari ya aina hiyo yalikuwa na bomba hilo, na nyuma yalikuwa na bawa. Bawa husaidia kwenye mwendo mkali, na gari linaporuka tuta husaidia lisitue vibaya.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Ilirudi mwaka 2021, Naivasha, na aliyeshinda ni Sébastien Ogier wa Ufaransa kwa Toyota Yaris.

BANDA LETU

Sasa tuseme kweli, ndugu zetu. Paa letu lilikuwa kama gari la Le Mans. Madirisha ya upande unaotoka upepo tuliyaacha wazi, tukisema tutayamalizia baada ya mavuno. Upepo ukaingia ndani, ukasukuma bati kutoka chini. Wakati huo huo upepo uliopita juu ya paa ulipunguza msukumo wa upande wa juu, kama ile karatasi. Chini kunasukumwa, juu hakuna kinachobana. Bati lifanye nini?

Tena paa letu lilikuwa kama Lotus ya mwaka 1969. Mabati yalikuwa mazuri, lakini vilivyoyashika vilikuwa dhaifu. Sisi wenyewe viongozi wa kisomo ndio tuliosema misumari ipunguzwe ili fedha itoshe. Tunakiri kosa hilo. Hakuna mkono wa mtu hapo, labda mkono wetu wenyewe uliobana misumari.

Jumamosi tunaanza kuezeka upya. Tumekubaliana hivi:

1. Madirisha na mlango vitatiwa mbao kwanza, ndipo bati lipande.
2. Kenchi zitafungwa kwenye lenta kwa waya mnene. Zisikae juu ya ukuta kwa uzito wake tu.
3. Kila papi itafungwa imara kwenye kenchi.
4. Misumari ya bati itapigwa kwenye tuta la bati, siyo bondeni. Kingoni na kwenye pembe itakuwa mingi zaidi, maana upepo huanzia huko kuinua.
5. Bati lisitokeze mno nje ya ukuta. Likitokeza sana, upepo hupata pa kulishikia.

Ukitaka kujua kama nyumbani kwako kuna hatari, ingia ndani siku ya upepo, utazame juu. Ukisikia bati linapiga papi, msumari umeanza kulegea. Usingoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ndugu wahitimu, yule mzee hakuona haya kuuliza, na swali lake limetufundisha sote kuezeka. Kila mtu aje Jumamosi na nyundo yake. Mzee wetu tumemwomba aje kupiga msumari wa kwanza, naye amekubali.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini bawa la gari la mashindano hukandamiza badala ya kuinua?
2. Magari ya Safari Rally yalihitaji nini ambacho magari ya barabara za lami hayakuhitaji?
3. Mwendo ukiongezeka mara 4, upepo utakinza mara ngapi?
4. Katika kitongoji chenu, ni nyumba ngapi zenye madirisha wazi upande unaotoka upepo? Mtasaidianaje kabla ya mvua?