Imani na Matendo: Mazungumzo ya Jumapili ya Wanafunzi wa Zamani



Mimi si mchungaji. Nimekula mkate wangu kwa kazi ya uhasibu kwa miaka 31, na waandaaji waliponipa mada ya wokovu kwa imani niliwaambia wamtafute mwenye kanzu. Wakanijibu kwamba neno lenyewe ni la mahesabu, nami nikakosa la kusema. Ni kweli, Biblia ya Kiswahili husema mtu "huhesabiwa" haki. Basi mkinisikia nazungumza kama mtu wa leja, mnivumilie.

Najua pia kwamba shuleni hapa tulisoma Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu pamoja, tukala ugali wa sufuria moja. Nitaeleza imani ya Kikristo kama wenyewe wanavyoiamini, bila kumnyoshea mtu kidole.

Fundisho lenyewe ni fupi. Mtume Paulo, katika Waraka wake kwa Warumi na ule kwa Wagalatia, anafundisha kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa kumwamini Yesu Kristo, wala si kwa sababu ya matendo mema aliyoyalimbikiza. Ni fupi, lakini ni gumu kumeza, hasa kwa watu kama sisi. Tangu darasa la kwanza tumepimwa kwa namba. Ripoti ya muhula ilikuja na nafasi yako, wa 3 kati ya 42 au wa 39 kati ya 42, na baba aliisoma hiyo kabla hajakuuliza kama umefika salama. Tuliingia hapa kwa alama, tukatoka kwa alama, tukaajiriwa kwa vyeti, tukapandishwa cheo kwa ripoti za siri za wakubwa wetu. Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Sijui shule ingeendeshwaje bila mitihani. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa hivyo, akiambiwa kwamba mbele za Mungu hakuna ripoti ya muhula, hujibu "Amina" kwa mdomo, kisha kichwani anaendelea kujumlisha.

Paulo alilijua tatizo hilo, na katika Warumi sura ya 4 analishughulikia kama mhasibu hodari. Anasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba anayefanya kazi hulipwa mshahara, na mshahara si hisani, ni deni la mwajiri. Nimeandika hati za malipo kwa maelfu ya watu, wala sijapata kuona mtu akipiga magoti kushukuru kwa mshahara wake. Aliutolea jasho. Akiucheleweshewa hata siku mbili huja ofisini amekunja uso, na ana haki. Sasa, kama wokovu ni mshahara, basi Mungu ni mdaiwa wetu, na sala zetu zote ni barua za kudai malimbikizo. Paulo anakataa. Anasema hiki ni kipawa.

Kisha anatoa ushahidi, na huo ndio nataka vijana waufuatilie kwa makini kwa sababu ni ushahidi wa tarehe. Anamchukua Ibrahimu. Mwanzo 15, aya ya 6, inasema Ibrahimu alimwamini Mungu, na imani hiyo ikahesabiwa kwake kuwa haki. Paulo anauliza: hayo yalitokea lini, kabla ya kutahiriwa au baada? Fungueni wenyewe. Mwisho wa sura ya 16 Ibrahimu ana miaka 86, Ishmaeli anapozaliwa. Sura ya 17 ana miaka 99 anapotahiriwa. Maana yake ni kwamba kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa ilipita miaka isiyopungua 13. Sheria ya Musa haijaletwa bado, madhabahu ya Isaka haijajengwa, ule mtihani mkubwa wa mlimani haujafanyika. Ingizo limekwisha andikwa katika kitabu, na upande wa matendo ukurasa ni mweupe. Katika ukaguzi wa mahesabu tungeuliza hati ya kuthibitisha malipo hayo iko wapi. Hakuna hati. Kuna ahadi ya Mungu tu, na mzee mmoja asiye na mtoto aliyeisadiki.

Katika historia ya Kanisa, mtu aliyelihangaikia jambo hili kuliko wengi ni Martin Luther, Mjerumani aliyezaliwa Eisleben mwaka 1483. Wengi wetu tulikariri habari zake kwa ajili ya mtihani: hoja 95, Wittenberg, 31 Oktoba 1517, basi. Lakini habari inaanzia nyuma. Mwaka 1505, akiwa kijana wa miaka 21 anayesomea sheria, radi ilipiga karibu naye njiani. Kwa hofu akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, akaingia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Erfurt. Humo alifunga, alikesha, aliungama. Aliungama hata akamchosha padre mlezi wake, Johann von Staupitz, kwa maana alitoka kitubioni akarudi tena, amekumbuka kosa jingine dogo. Huyu hakuwa mvivu wa matendo. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani ambaye halali usiku kwa kuogopa kwamba alama zake hazitoshi, na hakuna mwalimu wa kumwambia zinazotosha ni ngapi.

Akawa daktari wa teolojia mwaka 1512, na mwaka 1515 akaanza kuufundisha Waraka kwa Warumi. Baadaye sana, mwaka 1545, alieleza mwenyewe kwamba aliyachukia maneno "haki ya Mungu", kwa kuwa aliyaelewa kama haki ya hakimu anayeadhibu. Alipotambua kwamba Paulo anazungumzia haki ambayo Mungu humpa mtu bure, aliona kama amefunguliwa mlango. Ndipo tunapoweza kuelewa kwa nini zile hati za rehema zilimchoma. Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa na deni kwa mabenki ya ukoo wa Fugger. Fedha za hati ziligawanywa, nusu kulipa deni hilo, nusu kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Maskini walikamuliwa ili watu wakubwa wafunge mahesabu yao. Nikiwa mhasibu naielewa hesabu hiyo vizuri mno, na kichefuchefu nakipata.

Hapa mwanafunzi mwerevu atanyosha mkono aulize: na Yakobo je? Swali zuri. Katika Agano Jipya lote, maneno "imani peke yake" hupatikana mahali pamoja tu, Yakobo 2 aya ya 24, na pale Yakobo anayakataa! Luther, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, alitia neno "peke yake" katika Warumi 3:28, ingawa halimo katika Kigiriki. Alishambuliwa kwa hilo, naye mwaka 1530 akajitetea kwamba Kijerumani safi kilidai neno hilo ili maana ya Paulo itokeze. Waraka wa Yakobo wenyewe aliudharau, na kwa maoni yangu hapo aliteleza. Angalieni tena tarehe. Paulo anamshika Ibrahimu wa Mwanzo 15, anayehesabiwa nyota usiku, hajafanya kitu. Yakobo anamshika Ibrahimu wa Mwanzo 22, amemlaza mwanawe juu ya kuni. Ni mtu yule yule, siku mbili mbalimbali. Tena Yakobo anasema hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kumbe imani anayoipiga vita Yakobo ni ile ya jibu sahihi la mtihani wa Dini, vema imewekwa, mwanafunzi kapita, jirani yake analala na njaa. Paulo naye hakuijua imani ya namna hiyo. Katika Wagalatia 5 anataja imani inayotenda kazi kwa upendo.

Makanisa yaligombana juu ya hili muda mrefu. Mtaguso wa Trento ulitoa tamko lake mwaka 1547, pamoja na laana kwa waliofundisha kinyume. Walutheri wenyewe, walipokutana Helsinki mwaka 1963 katika Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, walijaribu kulieleza fundisho hili kwa watu wa karne yao, wakaondoka bila kukubaliana juu ya hati. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano hilo walitia saini Tamko la Pamoja: kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, wala si kwa stahili yetu, na kwamba neema hiyo hutuwezesha na kutuita kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Kwa hiyo, ndugu zangu Wakatoliki na Walutheri mliokuwa mkibishana bwenini mpaka kiranja anazima taa, mnaweza kulala sasa.

Ugomvi ulioko kwetu leo hauko tena katika vitabu. Uko katika bahasha. Katika usharika mmoja, ambao sitautaja, nilihudhuria msiba wa mama mzee aliyeugua miaka minne. Kabla ya ibada ya mazishi mzee wa kanisa aliuliza namba ya bahasha yake ya ahadi. Daftari likafunguliwa: hakutoa kitu kwa miaka hiyo minne. Ikasemwa kwamba hatazikwa na mchungaji mpaka hesabu iwe sawa. Jeneza likakaa chini ya mwembe, na watoto wake wamesimama wanatazama ardhi. Majirani wakachangishana, nao wengi wao hawakuwa watu wa usharika ule, akiwamo Mwislamu mwenye duka. Deni likalipwa, stakabadhi ikaandikwa, kengele ikapigwa. Somo lililosomwa kaburini lilikuwa juu ya neema.

Msinielewe vibaya. Kanisa lina paa linalovuja na mwinjilisti anayestahili kula. Nimekuwa mtunza hazina wa usharika wangu, najua uzito wa jambo hilo. Watu watoe, tena watoe sana. Lakini daftari la michango likigeuka kuwa daftari la mbinguni, tumerudi kwa Albrecht wa Mainz, isipokuwa yeye walau alitoa hati nzuri yenye muhuri.

Na wenzetu wa uamsho nao niwaguse kidogo, kwa upendo. Tunawiwa sana na uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu. Ulimlea Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977, katika mkutano wa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano nililolitaja. Watu wa uamsho walirudisha mali walizoiba, walipatana na maadui zao. Matendo hayo yalifuata imani kama moshi unavyofuata moto. Lakini sikilizeni ushuhuda wa siku hizi. Mtu anaulizwa, "Umeokoka?" Naye anajibu: "Nimeacha pombe, nimeacha sigara, nafunga kila Ijumaa." Ni mema yote, wala simwambii arudie pombe. Ila swali lilikuwa jingine. Mtu aliyeopolewa mtoni na mvuvi, ukimwuliza umeokokaje, hakuelezi ustadi wake wa kuogelea. Anakutajia jina la mvuvi. Kiswahili chetu kina kuokoa, kuokoka na kuokolewa. Kujiokoa nako kupo katika sarufi, lakini sicho anachokifundisha Paulo katika Warumi na Wagalatia.

Hata imani yenyewe tunaweza kuigeuza kuwa alama: nani ana imani kubwa, ya nani ni haba. Luther alipofariki Eisleben, 18 Februari 1546, ilikutwa karatasi aliyoandika kwa mkono wake, ikisema kwamba sisi ni ombaomba. Huyo ni mtu aliyeandika vitabu vya kujaza makabati. Mkono wa ombaomba hausifiwi kwa kunyoshwa. Uko mtupu, ndiyo maana unapokea.

Vijana wa Kidato cha Nne, mtihani wenu uko mbele. Someni. Nasema someni, kwa maana nasikia nyuma kule wameanza kunong'ona kwamba mzee amefuta matendo. Hesabu haifaulu kwa imani. Mwalimu wa zamu atawathibitishia. Lakini miongoni mwenu yumo mmoja, labda wawili, ambaye usiku hulala macho wazi akiamini kwamba matokeo yakiwa mabaya hatakuwa mtu tena, si kwa baba yake, si kwa Mungu. Kwa ajili ya huyo nimesafiri kutwa nzima kwa basi. Ningependa kuzungumza naye kabla sijaondoka. Nitakuwa kwenye benchi lililo mbele ya maktaba mpaka kengele ya chakula, na yeyote anaweza kuja, hata kama anataka tu kuniuliza habari za uhasibu.