Kuchonga Mfano wa Eropleni ya Vita

Lancaster, eropleni ya Waingereza ya kutupa mabomu iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1941, ilikuwa na mabawa ya futi 102 toka ncha hata ncha. Katika kuchonga mfano wake, kila futi sita tulizifanya inchi moja. Basi mabawa yakawa inchi 17. Tumbo tulilipaka rangi nyeusi, maana aghalabu zilikwenda usiku. Mkiani tulikosea. Kibanda cha mpiga bombomu tulikichonga kipana mno, kwani hatukusadiki kuwa mtu aliweza kukaa mahali padogo vile usiku kucha. Wanahewa wa kikosi hicho walikuwa kama 125,000, na 55,573 walikufa. Basi tulikibandua kibanda kile, tukakichonga upya kwa kipimo chake.