Tusiwafungie Wazee Wetu Ndani

(Maneno ya mama mmoja wa ushirika wa Kinindo, siku ya familia, katika juma la kumbukumbu ya ushirika wetu)



Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, kina mama na kina baba, na ninyi ndugu mliovuka mpaka kutoka Uvira, Bukavu na Kigoma: karibuni Kinindo, hapa ni kwenu. Nimepewa dakika chache niseme juu ya kutunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari wanauita demensia. Mimi si daktari. Nilimtunza mama yangu mzazi miaka sita, na mahali nilipokosea nataka pawasaidie wengine.

Mama alizaliwa Rumonge. Mwaka 1972 alikimbilia Tanzania, wakampeleka Katumba, akalima huko zaidi ya miaka thelathini: mahindi, mihogo, maharage. Tuliporudi mwaka 2008 tukakuta shamba la Rumonge lina watu wengine. Ndipo tukaja kupanga hapa Kinindo. Mama ambaye maisha yake yote alikuwa na jembe mkononi, akawa mtu wa kukaa kwenye kiti.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Chai anaitia chumvi. Njia ya kanisani inampotea. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Halafu ikaanza ile ya kila siku: ikifika saa kumi jioni anafunga nguo zake kwenye kitenge, anasema, "Naenda nyumbani." Anatoka, anashika barabara ya Rumonge.

Siku moja giza liliingia hatujamwona. Tulimpata upande wa Kanyosha, miguu mitupu, vijana wamemzunguka kwenye geti la watu wakimuuliza anatafuta nini usiku. Jamani, mnajua mwanamke mzee akikutwa hivyo anaitwa jina gani, na mnajua linalofuata. Mungu ni mwema, dada mmoja anayeuza ndagala alimtambua, akasimama mbele yake mpaka tukafika.

Tangu siku ile nilifunga mlango, ufunguo nikauweka mfukoni. Mama akawa anagonga mlango na kulia. Wapo waliosema ni pepo. Tukamfungisha siku tatu, mzee wa miaka zaidi ya sabini, bila hata maji, mpaka akaanguka. Na jioni moja, nimechoka, sijalala siku nyingi, nilimpiga kofi. Alinitazama akaniuliza, "Dada, nimekosa nini?"

Wapendwa, neno lile silisahau.

Aliyetusaidia ni dada mmoja wa ushirika wetu, muuguzi. Kwanza alisema twende hospitali. Huko ikaonekana ana presha, tena ana maambukizi kwenye njia ya mkojo, na maambukizi kama hayo peke yake yanaweza kumchanganya mzee akili. Akapewa dawa. Pili, yule dada aliniuliza: "Huko Katumba mama alikuwa anaamka saa ngapi?" Nikasema, saa kumi na moja alfajiri, anakwenda shambani. "Na sasa?" Nikasema, sasa anatazama ukuta. Akanijibu, "Hata mimi ningetafuta mlango."

Nyuma ya nyumba tulikuwa na kipande kidogo tu, kama mikeka minne hivi. Nikampa mama jembe dogo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sikumfundisha kitu. Alilishika, akalima. Tukapanda lenga-lenga na maharage, akanigombeza kwamba mbegu naitia chini mno! Mtu asiyejua jina langu alijua mbegu inakaa wapi. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Mambo ya jana yanatoka kwanza, lakini kazi ambayo mikono imeifanya miaka mingi hukaa muda mrefu.

Mara mbili kwa juma tulishuka naye mpaka ziwani, polepole, jua halijawa kali. Alitazama milima ya Uvira ng'ambo akasema, "Kigoma ile." Mwanzoni nilibishana naye. Baadaye nikajifunza kusema, "Ndiyo mama, pazuri."

Mama hakupona. Nisiwadanganye. Lakini alianza kulala usiku, na mimi nikalala. Ile safari ya saa kumi haikuisha, ila ilipungua. Mwanga wa asubuhi husaidia mwili kujua mchana ni upi na usiku ni upi, na miguu iliyotembea hutafuta kitanda. Alikwenda kwa Bwana miaka miwili iliyopita, na ule ufunguo nilikuwa nimeshautoa mfukoni zamani.

Tusiseme haya ni mambo ya wazungu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 wenye demensia walikuwa milioni 57 duniani, na zaidi ya nusu wako kwenye nchi zisizo tajiri kama zetu. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini karibu na mwaka 2010, wakakuta kati ya wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 wana ugonjwa huu. Hesabu wazee wa ushirika wako mwenyewe. Uholanzi wana mashamba mengi ambako wagonjwa hawa hupelekwa mchana, walishe kuku, wachume mboga. Wao wanatafuta shamba wampeleke mzee. Sisi mzee wetu ametoka shambani, halafu tunamfungia ndani!

Basi, mwenye mzee nyumbani ashike haya. Mpeleke kwanza hospitali. Ombeni, lakini msimnyime chakula, maji wala dawa. Mtoe nje asubuhi, hata kama ni kukaa tu chini ya mwembe akichambua maharage. Mvalishe kofia, beba maji, rudini kabla ya saa tatu, maana jua la Bujumbura mnalijua. Ziwani asiende peke yake, na jioni msiende kabisa: viboko hutoka. Majirani na vijana wa mtaani waambieni wazi kwamba mama ni mgonjwa, wakimwona wamrudishe. Aibu yangu ya kuficha ilitaka kumuua mama.

Sasa namgeukia yule anayetunza. Shirika lile lile linasema saa za kuwatunza wagonjwa hawa, asilimia 70 zinabebwa na wanawake. Ni binti, ni mkamwana. Jumapili hayupo ibadani, na sisi tunasema amerudi nyuma. Hajarudi nyuma, yuko mlangoni anashika ufunguo.

Someni Kutoka 17. Mikono ya Musa ilichoka. Haruni na Huri hawakumhubiria avumilie. Walimtafutia jiwe akakaa, wakashika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likachwa. Mimi nilimpiga mama kwa sababu mikono yangu ilikuwa imechoka na hapakuwa na Haruni. Sisemi hivyo ili nijitetee, nimeshatubu. Nasema ili asiwepo mwingine.

Kwa hiyo naomba jambo moja katika kumbukumbu hii. Kila kikundi cha nyumbani, hapa Kinindo, Uvira, Bukavu, Kigoma, kiandike majina ya wazee wanaosahau. Kila mzee apewe watu wawili, asubuhi moja kila juma, saa mbili tu. Mmoja atembee na mzee. Mwingine akae na anayetunza. Kama anataka kulala, alale, kama anataka kulia, alie. Na kwenye kiwanja cha kanisa tupande miti ya kivuli, tuweke mabenchi, na tuta moja la mboga liwe la wazee. Hiyo haihitaji wafadhili. Inahitaji jembe na mtu.

Siku moja hata sisi tutasahau. Mungu atusaidie tuwe tumeshawafundisha watoto wetu kufungua mlango.