Mgonjwa Naye Apumzike
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Wako wadhanio kwamba raha ya mgonjwa hospitalini ni anasa, kwamba dawa yatosha. Sivyo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kutwa, damu haifiki vema nyongani na visiginoni, nyama hufa, na kidonda kile chaweza kumwua mtu aliyekwisha kuanza kupona. Kinga yake si ghali: ageuzwe kila baada ya saa mbili, shuka liwe kavu bila mikunjo, na mto uwekwe chini ya miguu, visigino visiguse godoro.

Je, nesi mmoja mwenye wagonjwa 40 ataweza? Tuhesabu. Dakika 5 kwa kila mmoja ni dakika 200, na saa mbili zina dakika 120 tu. Basi tusimlaumu. Tuidai serikali iongeze manesi, nasi tutimize letu.

Bibi Florence Nightingale wa Uingereza aliandika mwaka 1859 kwamba makelele, hata minong'ono ya mlangoni, humdhuru mgonjwa. Na sisi je? Twaingia watu kumi, twamkalia kitandani, twamsimulia msiba wa jirani! (Na shuka hatukuleta.) Twende wawili wawili. Mmoja amwombe nesi amfundishe kumgeuza ndugu yetu, mwingine afue.

Kabla hatujatawanyika nataka majina sita ya kuanza zamu Jumamosi. Kalamu anayo karani wa tawi.