Tuwasomeshe Wasimamizi wa Miradi Yetu

Ndugu zetu wa Bukoba na Muleba,

Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Tuliona kwamba kujenga upya kunataka fedha, na pia mtu anayejua kuzipangia kazi.

Vijana wetu wanaojiandaa na mtihani wa PMP, cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, hutakiwa kwanza saa 35 za mafunzo, kisha maswali 180. Mengi huuliza: fundi akichelewa, au wanakijiji wakigoma, utafanyaje?

Tunawaomba wasome kwa vikundi na kujipima kwa mitihani ya majaribio. Sisi tuwachangie ada. Zahanati iliyokwama kwenye lenta haimtibu mgonjwa.