Mbwa Mkali Asiachwe Bila Chanjo



Nikifika bomani kuchanja mbwa, mara nyingi naambiwa: "Bwana mifugo, huyu ni mkali, mwache." Naomba tusimwache. Huyo ndiye anayepambana na fisi na mbweha usiku, na asubuhi watoto wanacheza naye. Akipata kichaa cha mbwa anaweza kuambukiza watu, ng'ombe na mbuzi. Mtu akishaonyesha dalili, hakuna dawa ya kumponya.

Siku ya chanjo, mfungeni kamba alfajiri, kabla hajatoka na mifugo. Ashikwe na mtu mzima anayemlisha kila siku. Watoto na mbwa wengine wakae mbali. Msimpige wala kumkimbiza. Akishaogopa, hashikiki tena.

Mshikaji awe na kitambaa kirefu, laini. Afanye kitanzi, amvishe mdomoni juu ya pua, akaze, avuke ncha chini ya kidevu, kisha afunge nyuma ya masikio. Asimame ubavuni, si mbele yake. Sindano ni moja tu, chini ya ngozi. Tukimaliza, afunguliwe mdomo hapohapo, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Tunzeni kadi ya chanjo. Hurudiwa kila mwaka.

Na mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.