Mlima Gelai Uliomo Nairobi

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imehifadhiwa injini ya mvuke nambari 5918. Bamba lake limeandikwa jina la mlima ambao haumo nchini Kenya: Gelai, ulioko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Mwenzake, nambari 5930, ana jina la Shengena, kilele cha milima ya Upare.

Majina hayo yalitolewa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili shehena ilirundikana katika bandari ya Mombasa, na injini zilizokuwapo zikashindwa kuiondoa. Ndipo kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilipoagizwa injini 34, nazo zikawasili katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250 na urefu wa karibu mita 32. Hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuzipita katika reli zote za upana wa mita moja duniani.

Jitu kama hilo lilipindaje kona? Tangi la kuchemshia maji liliwekwa katikati, likabebwa na mitambo miwili yenye magurudumu yake, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ukijigeuza peke yake. Hivyo treni ya tani 1,200 ilivutwa kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mahali palipo juu kwa zaidi ya mita 1,600.

Njia hiyo askari waliijua tangu zamani. Mwaka 1915 vikosi vidogo vya Lettow-Vorbeck vilitoka upande wa Kilimanjaro, vikavuka nyika isiyo na maji, vikatega baruti chini ya reli hiyo hiyo. Waingereza walilazimika kuweka walinzi wengi kandokando yake. Yeyote aliyepata kulinda daraja usiku ataelewa uzito wa kazi ile.

Injini za dizeli zilipoingia, zile za mvuke zilianza kuondolewa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Kufikia mwaka 1980 injini zote 34 zilikuwa zimestaafishwa, na nyingi zikaishia kuwa vyuma chakavu. Mapatano ya kugawana mali ya Jumuiya yalitiwa saini Arusha mwaka 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht wa Uswisi. Mabehewa, meli na madeni viliwekwa kwenye mizani, lakini majina ya milima hayakumsumbua mtu.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na tangu mwaka 2017 treni za reli pana zinakwenda Mombasa. Gelai na Shengena zimebaki uwanjani Nairobi, kila moja na bamba lake.